Siku Niliyomfuata Baba Bondeni

Asubuhi ile tulikuwa tunavuna wimbi. Baba alikuwa zizini akimpaka mafuta ng'ombe aliyechubuliwa shingo na nira. "Pole, mzee, pole," alimwambia. Mimi hata nilipougua malaria sikuambiwa pole.

Shangazi Gati, dada yake, aliniona nikitazama.

"Bhoke, unamwangalia baba yako kama mgeni wa serikali. Mwamkie basi."

"Nimeshamwamkia."

"Akasemaje?"

"Marahaba."

"Eeh! Leo ameongea sana."

Tulikuwa bado tunacheka yowe lilipotoka bondeni. Ukoo wetu ulikuwa ukigombea malisho na ule wa ng'ambo ya mto. Baba alichukua upinde, akaondoka na mdogo wake, baba mdogo Marwa.

Kwetu mwanamume anayempiga mwanamke vitani anauaibisha ukoo wake. Kwa hiyo wanawake ndio huondoa majeruhi. Shangazi alibeba maji, nikamfuata. Nilikuwa na miaka kumi na minne.

Baba mdogo alikuwa amelala kifudifudi. Shangazi alimgeuza, akamfunika kwa kitenge.

Baba alikuwa mbele zaidi. Mshale ulikuwa pajani.

Kijana wa upande wa pili alimjia na panga.

Nikamlalia baba.

"Toka, binti!"

"Sitoki."

"Bhoke, nenda nyumbani," baba alisema chini yangu.

Sikwenda.

Kijana alitema mate, akageuka.

Hospitalini nilikaa karibu na kitanda cha baba siku tisa, nikingoja neno. Aliomba maji tu. Hilo liliniuma kuliko yote niliyoyaona bondeni.

Aliporudi, mguu wake haukukunjika tena. Vijana wa ukoo walikuja. Walitaka kulipiza kisasi, lakini bila ruhusa ya kaka wa marehemu hawakuweza kwenda. Mimi nilikuwa nasonga ugali, nawasikia.

"Mzee Chacha, damu ya mdogo wako ikae hivi hivi?"

Baba aliwajibu.

"Msiende. Mkienda, nitawafuata hata kwa fimbo. Nikienda, huyu binti atanifuata. Hajui kubaki nyuma. Naye simtoi kafara."

"Mzee, umeshindwa na mtoto wa kike?"

"Nimeshindwa."

Hawakwenda. Miaka sita imepita. Watoto wa baba mdogo wanakula kwetu, na mdogo wao hakumbuki sura ya baba yake. Baba yangu bado haongei sana. Jioni nakaa naye nje, tunanyamaza wote wawili, wala siumii.