Pweza wa Bi Saumu Niliyemfuta Kwenye Grafu

Jamani, hili jambo nilikuwa nimeapa nizikwe nalo, lakini kwa kuwa kijiji kizima cha Ushongo kinalijua, na kuna wanaonicheka hadi leo wakiniona tu, afadhali mlisikie kwangu mwenyewe kabla hamjaletewa lililotiwa chumvi.

Nilikuwa nasoma shahada ya pili, na utafiti wangu ulihusu uzito wa pweza wanaokamatwa na akina mama wa Ushongo, wale wanaotembea mwambani maji yakitoka. Miezi mitatu nilikaa nao na mizani yangu, kila pweza napima, naandika. Nikarudi kwetu Usagara, Tanga, nikaingiza namba kwenye kompyuta, nikachora grafu ya nguzo: mstari wa kulala ni kilo, wa kusimama ni idadi ya pweza. Ikatoka nzuri hiyo, nguzo zinapanda, zinafika kileleni, zinashuka taratibu, umbo la kengele kama lile la kitabuni (nilikaribia kuibusu skrini), isipokuwa kule kulia kabisa, mbali na wenzake, kulikuwa na kinguzo kimoja peke yake. Pweza mmoja wa kilo saba. Nikajiambia hili ni kosa la mizani, nikamfuta. Kubofya mara moja tu, kengele ikakaa sawa, nami mbio kwenda kuichapisha kwenye bango kubwa la rangi, maana nilikuwa narudi kijijini kutoa mrejesho, na msimamizi wangu, Dokta, alisema atakuja kusikiliza ili aamue kama nitatetea tasnifu mwezi ule au nisubiri mwakani.

Siku ya siku bango likatundikwa kwenye ukuta wa ofisi ya kijiji, akina mama wamejaa, Dokta kakaa mbele na kalamu yake, mimi na baibui jipya. Nikaeleza vizuri mpaka nikajishangaa, akina mama wakawa wanaulizana pweza wa nani yuko nguzo ipi, kichwa kikanivimba, nikatamka maneno ambayo hakuna aliyeniomba: kwamba kila pweza waliyeniletea yumo humu, hakuna hata mmoja aliyeachwa.

Hapo akainuka Bi Saumu, bibi niliyekuwa nikilala kwake miezi yote ile. Akalisogelea bango, akafuata nguzo kwa kidole kutoka kushoto kwenda kulia, kidole kikafika nguzo ya mwisho, ya kilo nne, kikaendelea hadi kwenye ukuta mtupu.

"Mwajuma mwanangu, wangu yuko wapi?"

Nikamwamkia upya (ndiyo, shikamoo ya pili kwa mtu yuleyule, asubuhi ileile, nikidhani itasaidia). Akaitikia marahaba, akabaki palepale. Nikasema labda yuko hapa kwenye kilo nne. Akasema wa kwake alikuwa wa saba, na nilimpima mwenyewe mara mbili. Nikajikuta namweleza, sauti inazidi kuwa ndogo, kwamba nilimtoa kwa sababu alikuwa anaharibu umbo.

"Ulimla," akasema, bila hata kupaza sauti. "Nilimpika kwa tui, ukaomba uongezewe. Leo hayupo?"

Kicheko kilichofuata sijapata kukisikia tena. Kuna mama alijilaza kabisa sakafuni akishika mbavu, na mimi, ambaye nikiogopa hucheka, nikacheka kuliko wote, jambo lililozidisha ubaya, kwa kuwa Dokta hakucheka. Alimuuliza Bi Saumu, si mimi, ilikuwaje siku ile akapata mkubwa hivyo. Bi Saumu akashangaa kuulizwa: ilikuwa bamvua kubwa, maji yalitoka mpaka mwamba wa nje, ule usiofikika siku nyingine, na wakubwa wanakaa huko, nani asiyejua. Dokta akanigeukia akaomba daftari, aone zipi zilikuwa siku za bamvua. Daftari lilikuwa na tarehe, uzito, jina la mama, hata hali ya mawingu (mawingu, jamani), lakini maji sikuyaandika hata siku moja. Mimi, mzaliwa wa Tanga.

"Mrudishe huyo pweza," Dokta akasema. "Halafu kaa na mama hawa, kila tarehe wakwambie maji yalikuwaje. Kutetea ni mwakani."

Mwaka mzima, kwa kubofya mara moja. Nililia juu ya bodaboda, kisha nikakumbuka ile shikamoo ya pili nikacheka, dereva akasimama kuuliza kama mimi ni mzima.

Grafu mpya nilimpelekea Bi Saumu mwenyewe kwanza, nyumbani kwake. Akauliza kwa nini nguzo yake ni fupi na pweza alikuwa mkubwa. Nikamweleza kwamba urefu ni wingi wao, ukubwa wao ni kusogea kulia. Akazifuata tena nguzo kwa kidole hadi kule kulia.

"Kumbe ni mfupi kwa kuwa hakuwa na mwenzake," akasema, "ila hakuna aliyefika alikofika."

Nilisoma mihula minne na sikuwahi kuieleza grafu vizuri hivyo. Nimeapa, namba yoyote nitakayoikuta imejitenga, kabla sijaigusa nitakwenda hadi kwa aliyenipa nikamuulize, hata kama najua kijiji kizima kinanisubiri kinicheke.