Nilivyotafsiri "half-life" pale Idete, na kaka yangu akavunja posa

Wakuu, salamu kwenu nyote. Wadogo wekeni shikamoo yangu hapo chini, maana nimevuka themanini.

Sitatia chumvi. Nikidanganya Mungu ananiona, na kwa umri huu miadi yangu naye iko karibu. Typing yangu mnivumilie, macho yamechoka.

Wiki nzima nawasoma mnavyobishana humu kuhusu umeme wa nyuklia. Mmoja anasema ni bomu, mwingine anasema tutapata umeme wa kumwaga. Nikaona niseme ninachokijua mimi. Ni kidogo, ila kilitugharimu sana nyumbani kwetu.

Miaka ya hamsini, mwishoni mwishoni, nilikuwa kijana wa Ifakara niliyemaliza shule ya kati ya misheni. Kiingereza changu kilikuwa cha kuombea maji, lakini mtaani nilijiona profesa.

Akaja mzungu mpima miamba. Alitafuta mawe ya urani, na alikuwa na kidude kinacholia ta-ta-ta kikilikaribia jiwe lenyewe. Alitaka mkalimani na wapagazi.

Mimi nikawa mkalimani. Kaka yangu Damasi, aliyenizidi miaka minne, akapewa kubeba kisanduku chenye kijiwe cha urani cha kujaribia kile kidude.

Damasi alikuwa amechumbia. Binti aliitwa Oliva, wa Lupiro, ng'ambo ya mto. Harusi ilingoja mavuno ya mpunga tu.

Mchana mmoja, njiani kwenda Idete, wali ukiwa jikoni, nilimuuliza mzungu jiwe lake ni la kazi gani. Akanionyesha mfuniko wa sufuria unavyorukaruka. Akasema kwao wameanza kutengeneza umeme kwa mvuke namna hiyo, ila kuni zao ni urani.

Kiini cha urani kikipigwa kinapasuka. Kinatoa joto na kurusha vipande vidogo mno, vinavyopiga viini jirani, navyo vinapasuka. Ni kama moto wa mbugani wakati wa kiangazi, unaruka toka nyasi hadi nyasi. Joto linachemsha maji, mvuke unazungusha gurudumu, umeme unatoka.

Nikamuuliza, sasa huo moto nani anauzuia?

Akasema wanachomeka fito katikati ya kuni, fito zinazomeza vile vipande. Zikishushwa moto unazimika, zikipandishwa unawaka. Kukitokea hitilafu zinadondoka zenyewe. Na pembeni kote kuna ukuta mnene wa zege.

Kisha akaelekeza kidole kwenye mafiga yetu. Kuni nilishaziondoa, lakini mafiga bado yalikuwa yanaunguza. Urani nayo ni hivyo hivyo. Hata ukishauzima mtambo, inaendelea kutoa joto kwa siku nyingi, kwa hiyo maji ya kuipoza hayatakiwi kukatika hata kidogo. Vijana mnaobishana, hapo ndipo pa kuulizia maswali.

Haya. Tukafika Idete.

Wazee wa pale walitaka kujua mzungu anatafuta nini mashambani kwao. Watu wakakusanyika. Damasi alisimama pembeni na kisanduku begani. Mzungu akaanza kueleza, nami natafsiri kifua mbele.

Akasema jiwe lina-decay. Nikasema, "Jiwe hili linaoza."

Bibi mmoja wa mbele akauliza, "Linaoza nani? Kwani nalo lina mabinti?"

Uwanja mzima ukacheka. Nilitamani ardhi inimeze.

Mzungu hakuelewa kinachochekesha, akaendelea na habari ya half-life. Nami kwa haraka ya kuficha aibu sikumuuliza maana yake. Nikasema, "Na jiwe hili lina nusu ya maisha."

Kicheko kikakatika. Mzee mmoja akauliza taratibu, "Una maana anayelibeba anabakiwa na nusu ya maisha yake?"

Hapa ndipo nilipotakiwa kusema sijui, wakuu. Lakini msomi wa Ifakara ataanzaje kusema hajui mbele za watu? Nikajibu, "Ndiyo, mzee. Ndivyo anavyosema bwana."

Damasi akatua kisanduku chini polepole. Hakunitazama. Siku ileile akaacha kazi, akarudi Ifakara kwa miguu.

Mimi nikaendelea na mzungu, tukavuka mto mpaka Malinyi. Huko ndiko nilikomuuliza half-life ni nini hasa.

Akasema ni muda ambao nusu ya jiwe inakuwa imegeuka kitu kingine, basi. Muda wa urani ni mrefu kuliko umri wa milima, kwa sababu inageuka polepole mno. Kijiwe kile kisingemdhuru mtu kwa kukibeba siku chache.

 Nilitaka kurudi siku ileile, lakini masika ilishaanza na bonde zima lilikuwa maji. Nilikwama wiki saba.

Nilipofika nyumbani, Damasi alishavunja posa. Alikuwa amewahi Lupiro kabla maji hayajajaa, akawaambia wazazi wa Oliva wamwoze binti yao kwingine, yeye hataki kumwachia mtu ujane. Nao walishapokea posa ya mtu mwingine.

Nikamweleza yote, mafiga, fito, milima. Akanisikiliza hadi mwisho.

"Mdogo wangu, unanituliza tu," akasema. "Mbele za watu ulisema kweli. Hapa unasema ya undugu."

Nilimweleza tena mwaka uliofuata, na uliofuata. Walimu wa sayansi nao walimweleza. Hakuoa. Alilima mpunga wake, akazika wenzake mmoja mmoja, kila mwaka akishangaa kwamba bado yupo.

Mimi nilioa. Kwenye harusi za wanangu nikimwona amekaa nyuma peke yake na sahani yake, chakula kilinishinda. Nimechoka, wakuu. Kweli nimechoka.

Damasi amefariki masika iliyopita, akikaribia tisini. Siku chache kabla aliniita kitandani kwake. "Hebu nieleze tena lile jiwe."

Nikaeleza. Safari hii alinitazama usoni muda mrefu.

"Kumbe linalopungua ni jiwe," akasema. "Si mimi."

Kisha akauliza kama Oliva alipata watoto. Nikamwambia saba. Akageukia ukutani.

Somo langu ni fupi. Hujui, sema hujui. Na mtakaotumwa vijijini kuwaeleza watu huo umeme, msitafsiri msichokielewa.

Kama humu kuna mwalimu wa fizikia mwenye neno zuri la Kiswahili la half-life, aliweke hapo chini. Nimelitafuta tangu siku ile ya Idete, na sasa nikilipata sina wa kumpelekea.