Shimba Aliyeitia Motokaa Injini ya Lori

Saa moja kasorobo asubuhi, chini ya kilima cha Isamilo, Shimba Kashindye ameinamia motokaa nyeusi iliyofunuliwa boneti. Ameshika mpini wa ufagio, ncha moja sikioni, ncha ya pili juu ya injini inayonguruma. Anasikiliza. Watu wapatao mia mbili waliomzunguka wamenyamaza nao, jambo ambalo mjini Mwanza halitokei ovyo.

Asiyenyamaza ni mkewe, Bernadeta, aliyekuja na birika mbili za chai na kapu la maandazi.

"Nunueni sasa! Gari likikwama mtakosa hamu ya kula, likipanda mtalikimbilia mniache na kapu langu!"

"Mama Ng'washi, wewe uko upande gani?" mtu anamtania.

"Mimi nimeolewa na upande mmoja tu, baba. Lipia andazi."

Habari yenyewe imezungumzwa kuanzia sokoni hadi gatini kwa wiki nzima. Motokaa ni ya Bwana Liaqat, anayewapeleka wanunuzi wa pamba vijijini. Injini iliyomo ndani si yake ya asili. Ilitoka kwenye lori la jeshi lililopinduka na kuuzwa mnadani mwaka jana, 1946, baada ya vita kwisha. Aliyeihamisha ni Shimba, na leo inapimwa hadharani: watu wanane garini, gia ya tatu tangu chini mpaka kileleni, bila kurudi ya pili hata mara moja.

Likipanda, mwenye gereji, Bwana Chandulal, ameahidi kuandika jina la Shimba kwenye ubao wa mlangoni. Likishindwa, Shimba anarudi kupaka grisi na kuziba pancha, na asiguse tena injini ya mtu.

Ameingoja siku hii miaka kumi na saba. Kwa miaka yote hiyo, daftari la gereji limemtaja kama mpakaji grisi, kwa mshahara ambao mpaka leo haujavuka shilingi thelathini na nane kwa mwezi. Wateja wanamjua vingine. Wakifika na gari linalokohoa, huwapita wote waliovaa suruali safi, wakauliza, "Yule wa ufagio yupo?"

"Wananiita usiku, wananiita Jumapili," anasema Shimba, akijifuta mikono kwa kitambaa kilichokwisha kusahau rangi yake. "Lakini gari likipona, sifa inakwenda kwenye ubao. Na kwenye ubao mimi simo."

Injini ya zamani ya Liaqat ilipasuka wakati wa vita. Vipuri havikuja. Liaqat aliifunga kwa vyuma na lahamu, ikawa inakwenda kwa kubembelezwa. Abiria walikuwa wakiteremka kila penye mwinuko na kusukuma, wanunuzi wazima wa pamba wenye kanzu na saa za mfukoni. Mmoja alisukuma mpaka kiatu kikabaki matopeni, na kisa hicho kilifika Shinyanga kabla yake.

Ndipo Shimba alipopendekeza injini ya lori. Chandulal alicheka hadi akakaa chini.

"Fundi, lori ni ng'ombe! Linavuta, sawa. Lakini umeona wapi ng'ombe akishindana na farasi?"

Shimba hakubishana kwa mdomo. Alichukua chaki, akachora alama kwenye gurudumu la nyuma la lori lile bovu, nyuma kukiwa kumeinuliwa kwa jeki, akaweka gia ya juu kabisa, kisha akamwomba tajiri wake azungushe injini kwa hendeli huku akihesabu. Chandulal alizungusha karibu mara saba ndipo gurudumu likamaliza mzunguko mmoja. Wakaenda kwenye motokaa, wakafanya vilevile. Mara nne na kidogo tu, gurudumu limekwisha kuzunguka.

"Umeona, bwana?" Shimba alimwambia. "Injini ya lori haina uvivu. Meno ya ekseli ya nyuma ndiyo yanayoichelewesha, kwa sababu lori linabeba tani tatu. Nitoe injini peke yake, niiweke kwenye gari jepesi lenye meno yake ya nyuma. Nguvu ya ng'ombe itabaki, na mwendo utapatikana."

Chandulal alijifuta jasho, akaitazama hendeli, akamtazama Shimba. "Haya. Lakini ukiliharibu gari la watu, mimi sikujui."

Kazi ilichukua miezi miwili. Injini ile ina silinda sita badala ya nne, na inazidi ya zamani kwa uzito wa mtu mzima aliyeshiba. Shimba aliongeza majani ya springi mbele, akakata boneti kupisha rejeta kubwa, hata gari likaonekana kama mtu anayecheka bila meno.

Kisha akafanya kosa ambalo mpaka leo akilitaja anatikisa kichwa.

Gereji haikuwa na mnyororo wa kunyanyulia mzigo mkubwa kama ule. Shimba akawaita wapagazi sita wa marobota ya pamba, mmoja wao akiwa nyapara wao, Mhoja. Watu hao hawanyanyui kitu bila wimbo. Mhoja huita, wenzake huitikia, na wimbo una neno la mwisho: "Tua!" Likitamkwa, robota linaachiwa, pu, na mikono yote inaondoka kwa pamoja.

Waliinyanyua injini kama mtoto. Wakaipeleka juu ya gari, wakaishusha taratibu, ikabaki shubiri moja ikae mahali pake. Hapo wimbo ukafika mwisho.

"Tua!" akaita Mhoja, kama alivyoita miaka yote.

Wakaachia.

Mguu mmoja wa injini ulivunjika palepale. Chandulal aliingia ofisini akafunga mlango. Liaqat alikaa juu ya tairi, kofia mkononi, kama aliyefiwa.

"Wengine walitaka niwalaumu wapagazi," anasema Shimba. "Ningewalaumu vipi? Baba yangu alibeba marobota. Mimi mwenyewe niliuimba wimbo ule nikiwa kijana. Nilikuwa najua mwisho wake, nikasahau kwamba chuma si pamba."

Kwa siku tisa alifua mguu mpya kutoka kipande cha reli chakavu. Alipowaita tena wapagazi, aliwapa sharti moja: waimbe wote, lakini neno la mwisho wasilitamke. Waliimba na kurudia, jasho likiwatiririka, mpaka bolti ya mwisho ilipokazwa. Kisha wakaondoa mikono kimyakimya, wakitazamana kama watu waliotoka mezani kabla ya kunawa.

"Wimbo wetu unaning'inia mpaka leo," Mhoja analalamika asubuhi hii, akijibana kiti cha nyuma. "Vijana wangu hawalali vizuri."

Maana mzigo wa leo ni wao wenyewe. Wanne wamekaa nyuma wakipandiana magoti, wawili wamesimama nje, kwenye ubao wa kukanyagia pembeni. Chandulal amekaa mbele, mkono juu ya kirungu cha gia, ahakikishe hakuna ujanja. Liaqat amekwisha kwenda kungoja kileleni; anasema moyo wake hauwezi kutazama kutoka chini.

Shimba anakaa kwenye usukani, anaweka mpini wa ufagio miguuni. Gari linaondoka, linashika gia ya tatu penye tambarare, linaanza kupanda.

Nusu ya kwanza ni sherehe. Watoto wanakimbia pembeni, Bernadeta anapiga vigelegele huku kapu limeachwa, kama alivyotabiri. Kisha inakuja kona ya jiwe kubwa, pale ambapo injini ya zamani ilikuwa ikikata tamaa. Mwendo unapungua. Mngurumo unashuka, unakuwa mzito, tok, tok, tok. Watoto wanalipita gari.

Kidole cha Chandulal kinaanza kuvuta kirungu. "Inakufa, Fundi. Rudisha ya pili."

"Ondoa mkono, bwana."

"Itazima!"

"Hiyo si sauti ya kuzima. Hapo ndipo lori linapoanza kazi. Ondoa mkono."

Chandulal anaondoa mkono. Injini haikohoi, haitetemeki. Inavuta polepole, kwa sauti ileile nzito, inalipita jiwe, na mwinuko unapolegea kidogo gari linaruka mbele hata mpagazi mmoja wa pembeni anaachia kofia yake iende zake.

Kileleni Liaqat amefumba macho. Anayafumbua anaposikia kelele ambazo hakuzitarajia. Wapagazi sita, kwa pumzi moja, wanatamka neno walilolibana kooni kwa wiki tatu:

"Tuaaa!"

Ubao ulipakwa rangi Jumatatu. Mchoraji alitaka kuandika Shimba tu, abane nafasi. Shimba akakataa, akasimama nyuma yake mpaka herufi ya mwisho: SHIMBA KASHINDYE, FUNDI WA INJINI.

Sasa anaulizia kiwanja Mkuyuni, afungue gereji yake. Chandulal anajua, na amekwisha kumwambia kwamba akihama, ubao huu wataugombania mahakamani. Mnyororo wa kunyanyulia injini hajapanga kununua.

"Nitawaita hawahawa," anasema, akimwonyesha Mhoja aliyekaa kizingitini na andazi mkononi. "Wameshajua kungoja."

"Tunangoja," Mhoja anajibu, mdomo umejaa. "Ila safari hii, baba, usituweke wiki tatu."