Mapigo Niliyoyaandika Bila Kuyasikia

Nakumbuka Jumanne moja, saa nane mchana, nimeinama juu ya tumbo la mwanamke mwenye uchungu, nasikiliza kwa makini, na sisikii kitu. Nitaanzia hapo, mwanangu Rehema, maana tangu juzi ulipotoka hapa kwangu Tabata sijatulia. Ulikaa barazani ukanieleza kwamba muuguzi mfawidhi wako kakutoa wodini na kukupeleka dirisha la kuandikia wagonjwa kadi, kisa umeanza kuvaa kifaa cha kusikia. Halafu ukasema ulimjibu, "Sawa sista, asante." Nilinuna, ukadhani nimekukasirikia wewe. Kidogo ni kweli. Lakini zaidi niliikasirikia hiyo asante, kwa sababu mie mwenyewe niliwahi kuitoa.

Nakuandikia badala ya kukupigia, maana sie wawili kwenye simu tutawachosha majirani bure.

Huku mtaani mnaniona Bi Salma mkunga mstaafu, mnapaza sauti mkiongea nami, mnadhani ni uzee. Si uzee. Sikio la kulia liliharibika nikiwa darasa la nne, likatoa usaha miezi na miezi mpaka likafa kabisa. La kushoto likanibeba vizuri: shule, chuo cha uuguzi, miaka minne ya kazi. Mwaka wa tano likaanza kuniacha. Kwanza nikawa sisikii simu ya wodini ikiita. Kisha sauti za watu walionipa mgongo. Nikaanza kuangalia midomo.

Na nikaficha. Nikiambiwa jambo nisilolisikia, naitikia kwa kichwa. Wenzangu wakicheka, nacheka. Kwenye kupokezana zamu nasimama karibu kabisa na anayesoma ripoti, halafu nikibaki peke yangu naisoma upya daftarini. Nilijiona mjanja, mwanangu. Mwaka mzima nilijiona mjanja.

Ilikuwa hospitali ndogo ya binafsi upande wa Temeke, karibu na njia ya kushukia Kurasini. Usiitafute, ilishavunjwa, leo pale ni yadi ya makontena. Jumanne hiyo nilikuwa na binti mmoja wa Kizaramo, Mwanahawa, mimba yake ya kwanza, mumewe mbeba mizigo bandarini. Siku zile moyo wa mtoto aliye tumboni tuliusikiliza kwa kipembe cha bati: mdomo mmoja tumboni kwa mama, mwingine sikioni kwako, macho kwenye saa. Nikaweka sikio. Nikasikia uvumi wa kichwa changu mwenyewe, basi. Nikahamisha kipembe kushoto, nikahamisha chini. Kimya.

Mwanahawa akaniuliza, nikaisoma midomo yake, "Sista, mtoto mzima?"

Nikamtabasamia. "Mzima, anapiga vizuri tu."

Nikachukua karatasi yake, nikaandika mapigo mia na arobaini kwa dakika. Nusu saa kabla ya hapo nilikuwa nimeandika mia na arobaini. Na nusu saa nyuma ya hiyo pia.

Muuguzi mfawidhi wa wodi alikuwa Sista Tumaini, mama wa Kihehe, mnene, karibu na kustaafu, asiyependa maneno mengi. Alipita, akaishika ile karatasi, akaisoma. Kisha akanishika bega akanigeuza nimwangalie usoni.

"Mia na arobaini mara tatu," alisema. "Huyu mtoto wa chuma?"

Akaninyang'anya kipembe, akainama, akasikiliza. Niliona uso wake ukibadilika. Alipoinuka alisema neno moja, nikalipata vizuri kuliko yote niliyopata mwaka ule: "Themanini." Mtoto alikuwa anatuponyoka, na karatasi yangu inasema hajambo.

Walimkimbiza Mwanahawa kwenye upasuaji. Kamba ya kitovu ilikuwa imemzonga mtoto shingoni mara mbili. Alitoka wa bluu, amelegea, wakamsugua na kumpulizia pumzi. Mie nilisimama pembeni kama mti. Sikumsikia alipolia. Niliona mdomo wake unafunguka na mbavu zinapanda, nikajua, nikatoka nikajificha.

Sista Tumaini alinikuta stoo ya mashuka. Akafunga mlango.

"Yale mapigo uliyasikia, au uliyaandika tu?"

"Niliyaandika."

"Husikii tangu lini?"

"Mwaka sasa."

Nilidhani atanipa pole. Wallahi nilikuwa naingoja hiyo pole. Akaniambia, "Kutosikia si kosa lako, Salma, na sitakugombeza kwa hilo hata siku moja. Ila yule binti alikuuliza kama mwanawe mzima, ukamjibu mzima, na hukujua. Hilo ni lako. Ulikuwa tayari mtoto wa watu azikwe ili wewe usiaibike."

Miaka imepita mingi na maneno hayo bado nayabeba.

Siku ya tatu alinipeleka mpaka kitandani kwa Mwanahawa nikamweleze mwenyewe. Nikamweleza. Mwanahawa alimvuta mwanawe kifuani, akasema, "Sista, naomba uende." Nikaenda. Sijui kama aliwahi kunisamehe, na sina haki ya kumdai.

Kutoka hapo tukaingia kwa mganga mfawidhi, daktari mkuu wa hospitali, nikakiri yote. Sasa hapa ndipo hasira yangu ya pili inapoanzia. Yule daktari alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akageukia dirishani akawa anaongea na Sista Tumaini, kanipa kisogo, kana kwamba mie ni kabati. Sikupata hata neno. Akaandika barua, akanisogezea. Nimeondolewa wodini, nitakunja mashuka stoo mpaka nitakapotafutiwa la kufanya.

Angenipa adhabu kwa uongo wangu ningeipokea kwa mikono miwili, maana nilistahili. Barua haikutaja uongo hata kidogo. Iliandika kwamba muuguzi kiziwi hafai kuhudumia wagonjwa. Na yeye aliyeiandika alivaa miwani mizito kama vitako vya chupa. Akiivua alikuwa haoni hata mkono wake, na hakuna mtu aliyewahi kumtuma akakunje mashuka.

Unajua nilimjibu nini? "Asante, dakta."

Tulipotoka nje Sista Tumaini alisimama koridoni. "Unamshukuru kwa lipi?" akaniuliza.

Nilikunja mashuka wiki sita. Wodini wanawake wanalala wawili kitanda kimoja, muuguzi mmoja anakimbia huku na huku mpaka viatu vinamtoka, na mie niliyesomeshwa kazi hiyo nimekaa kwenye kigoda nanyoosha foronya. Wenzangu wakipita walinikejeli kwa ishara za mikono, wanacheka, wengine ni wale niliowashikia zamu walipofiwa. Nililia sana, halafu siku moja machozi yakaisha, ikabaki hasira tu. Nilianza kupanga ile stoo kwa hasira, rafu baada ya rafu. Kwenye kabati la juu nikakuta boksi. Ndani yake kulikuwa na mashine ndogo ya kupima mapigo ya moyo wa mtoto tumboni, bado imo kwenye nailoni. Unaigusisha tumboni, namba inatokea kwenye kioo. Namba, mwanangu. Ya kusoma kwa macho.

Nikampelekea Sista Tumaini. Aliiangalia akakaa kwenye kiti. "Hii imeletwa na wafadhili mwaka juzi," alisema. "Tuliambiwa imepotea."

Tukarudi kwa mganga mfawidhi. Safari hii niliongea mie. Sauti yenyewe sijui kama ni kubwa au ndogo. Akaanza kugeukia dirishani kama kawaida yake.

"Dakta," nikamwambia, "nikiongea nawe naomba unitazame. Nasoma midomo."

Akageuka. Nadhani ni mshangao tu uliomgeuza.

Nikaweka mashine mezani. Nikamwambia nilidanganya, na kwa hilo aandike barua nyingine kali zaidi, nitaisaini. Lakini hii mashine ingekuwa wodini siku ile, Mwanahawa asingefika alikofika, awe kapimwa na kiziwi au na mwenye masikio yote mawili.

"Hiyo imetunzwa kwa ajili ya wageni wa ukaguzi," alisema. "Mkiizoea mtaiharibu."

Sista Tumaini akamjibu polepole, "Basi iharibikie kazini, dakta."

Daktari alinirudisha wodini kwa majaribio ya miezi mitatu, na barua ya onyo juu yake. Hakuniomba radhi, na mpaka anahama hakuwahi. Nikakaa wodini, kule na kwingineko, miaka ishirini na sita mingine. Wapo waliokataa niwashike, wapo mama wakwe walioniita bubu mbele ya uso wangu wakidhani kiziwi haoni pia. Iliniuma kila mara, sikudanganyi. Lakini sikuandika tena namba nisiyoijua.

Sasa nisikie, au nisome, vyovyote vile. Usiitikie kwa kichwa jambo usilolisikia, hata aliyesema awe mkubwa kiasi gani. Mwambie arudie. Akikunja uso, na akunje, uso wake hauui mgonjwa. Ukipewa agizo la dawa kwa mdomo, litamke upya mbele yake, au mpe kalamu aandike. Mgonjwa mpya mwambie mapema, "Mimi sisikii vizuri, niangalie ukiongea." Hicho kifaa chako acha kukifunika na mtandio, wakione. Na siku ukikosea, kubali kosa lako lote, ila usikubali kubebeshwa masikio yako kama kosa.

Jumatatu rudi kwa huyo mfawidhi wako. Muulize ni mgonjwa gani uliyemdhuru, na lini. Kama yupo, ujibu kwa huyo. Kama hayupo, mwambie akuandikie kwa maandishi kwa nini umekaa dirisha la kadi, atie na sahihi. Utaona kalamu inavyokuwa nzito. Usipige kelele, usilie, na hiyo asante ibaki nyumbani. Mtu hashukuriwi kwa kukunyang'anya kazi uliyoisomea. Mie nitakusindikiza na nitakaa kwenye benchi la nje, ila wa kuongea ni wewe.

Mwenyezi Mungu akupe ulimi usiotetemeka mbele ya wakubwa na usiosema uongo mbele ya wagonjwa. Kila utakayemshika mkono arudi kwao mzima, na ikitokea asirudi, usiku ulale ukijua ulimwambia ukweli. Amina, mwanangu.