Ukuta wa Sifael

Kila asubuhi, kabla hajaonja chai, Sifael alipanda hadi kwenye ndiva, lile bwawa la mawe na udongo linalokinga maji ya mlimani, akabonyeza ukuta wake kwa kidole gumba. Miaka kumi na tisa alikuwa mlinzi wa ndiva ile. Wachache walimheshimu. Wengi walimwona kero, mzee wa "ngojeni kwanza".

Mwaka huu ukuta ulipasuka. Watu wakatoka msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, siku mbili, wakaziba ufa kwa mawe na udongo mbichi. Sifael akabonyeza. Kidole kikazama.

"Siku saba," akasema. "Tuushindilie, ukauke. Tukijaza maji leo, unakwenda."

"Siku saba mahindi yangu yatakuwa kuni!" Loth, mwenyekiti wa maji, akafoka. "Shamba lako liko chini ya ukuta. Unaogopea maharage yako tu!"

"Naogopa, ndiyo. Na jiko la jirani yangu Tausi je, haliko chini?"

"Huyu hata maji ya kunawa anayaogopa!"

Watu wakaangua kicheko. Tausi mwenyewe alicheka. Loth akaitisha kura. Mikono ikanyooka yote, kasoro mmoja. Tundu la kutolea maji likazibwa, ndiva ikaanza kujaa.

Saa tisa alasiri ukuta ukabomoka kwa mpigo mmoja. Jiko la Tausi likaenda na sufuria zake. Matuta ya Sifael, aliyoyajenga baba yake jiwe kwa jiwe, yakakombwa mpaka mwamba ukabaki wazi.

Wote wakapanda mbio. Hakuna aliyemtazama Loth.

"Si ulisema utakwenda? Umeuapiza kwa mdomo wako huo!" Tausi akamrushia Sifael tope kifuani.

"Leteni viroba vya mchanga," Loth akasema. "Tunaziba leo leo. Sifael, shika jembe. Mlinzi si wewe?"

"Chimbeni kwanza mpaka udongo mgumu. Mlale, mfikiri, kesho muanze."

"Shika jembe, mchawi wewe!"

Jembe likatupwa miguuni pake. Akaliruka. Hakuna aliyempisha, naye hakuomba. Akawasukuma kwa bega, akapita. Nyuma yake walikuwa tayari wanarusha viroba juu ya tope, wakimtukana kwa Kipare ili aelewe vizuri.

Hakugeuka. Aliteremka kupitia shambani kwake bila kusimama, akashika barabara ya kwenda mjini Same, tope likimkaukia kifuani. Hakurudi.