Herufi Pacha

Mtaani walimwita Mama Pasi, kwa kuwa tangu usichana wake alikuwa akifua na kunyoosha nguo za watu. Siku moja alikuta sarafu mfukoni mwa suruali ya mwalimu. Tarakimu za mwaka zilionekana kuandikwa mara mbili. Akadhani macho yamechoka, akampelekea jirani yake, fundi saa.

Fundi aliitazama kwa lenzi akacheka. Akamweleza kwamba muhuri wa kugongea sarafu ndio ulichongwa maandishi yakajirudia, kwa hiyo kila sarafu uliyoigonga ilitoka na maandishi pacha. Zilitoka nyingi, ndiyo maana bei yake haizidi kipande cha sabuni. Mwalimu alipofuata suruali, Mama Pasi alimrudishia sarafu na kumsimulia yote. Mwalimu akamwachia iwe zawadi.

Hapo ndipo ugonjwa ulipoanzia. Akanunua lenzi, akawa anakusanya sarafu za namna hiyo kwenye kopo la maziwa. Mumewe, fundi bomba mwenye utani mwingi, kila jioni aliuliza kama kokoto zimetaga.

Ndiye huyohuyo aliyempeleka kwenye maonyesho ya wakusanyaji, katika ukumbi wa maktaba. Mezani kwa mwenyekiti wao kulikuwa na sarafu juu ya kitambaa chekundu, ikisifiwa kuwa pacha adimu. Mama Pasi aliinama na lenzi yake, akakawia. Mumewe akamvuta mkono akinong'ona kwamba waondoke kabla hawajaumbuka.

"Samahani, mzee, hii si pacha," Mama Pasi akasema. "Pacha wa kweli kila mmoja amejaa, ana umbo lake. Huyu wa pili amelala bapa, kama mkunjo wa pasi iliyoteleza kwenye kola. Muhuri ulicheza tu wakati wa kugonga."

Mwenyekiti akaitazama, akaigeuza, akaitazama tena. Kisha akaitoa kwenye kitambaa kwa mkono wake. Alisema ameionyesha miaka sita na hakuna aliyemwambia kitu. Akavuta kiti.

"Kaa hapa, dada. Watu wakileta zao, wewe ndiye utakayezikagua."

Watu wakapanga foleni. Bibi mmoja alifungua leso iliyotunza sarafu moja miaka mingi, na kweli ilikuwa pacha. Thamani yake haikufika hata nauli ya kumrudisha nyumbani, lakini yeye na Mama Pasi walikumbatiana kama waliookota almasi. Mlangoni, fundi bomba alimwambia kila aliyeingia kwamba mkaguzi yule ni mkewe, na waliotoka akawakumbusha.