Sauti Ndani ya Chimni

Fundi anapaka lami juu ya nyumba yangu, na harufu yake imenirudisha kwa baba.

Tangu tumzike mama, baba hakuwa na maneno. Tulikula kimya, tukalala kimya. Siku moja akaenda nami kwa mzungu, upande wa Naivasha, kuziba palipovuja kando ya chimni ya moshi. Mimi nikawekwa chini, kwenye meko baridi yanayonuka masizi, nitazame matone. Yeye akamwaga maji juu ya paa, na sauti yake ikashuka ndani ya chimni, nene, karibu kabisa na sikio langu.

"We msichana, kunavuja?"

"Kunavuja, baba! Tone limeniangukia puani!"

"Basi hiyo pua imeoga!"

Baba akacheka! Kisha nikasikia nyundo, akizungushia chimni bati la debe na kulipaka lami. Akamwaga maji tena.

"Sasa je?"

Nikapapasa mawe. Makavu. Baba yangu hakuwa fundi wa kubahatisha.

"Hakuvuji, baba."

Nikasikia miguu yake ikishuka ngazi. Jioni tulikula kimya.

"Shosho, bado kunavuja?" fundi ananiuliza mimi bibi kizee kutoka juu.

Sijamjibu. Acha aulize tena.